Sungura wawili nyumbani Goma: uwazoeze polepole, uwaweke pamoja mfululizo, ao wabakie majirani?

Ni kitu kinarudi kila siku: nyumbani kuko sungura mmoja, amekua, amezoea watoto, saa ya karoti anaijua kuliko wenye nyumba, kisha mtu anasema huyu anaboeka jamani, tumtafutie mwenzake. Mwenzake analetwa, anaingizwa ndani ya kaje ileile ya mwenyeji, na dakika mbili baadaye manyoya yanaruka na watoto wanalia. Wote wanasema basi, sungura hawapatani. Wanapatana sana. Ila yule wa kwanza alishasugua kidevu chake kwa kila pembe ya ile kaje, na chini ya kidevu kuko tezi za harufu, kwa hiyo kwake ni sawa na yale maandishi tunapiga kwa ukuta, parseli hii haiuzwi, na nyinyi mmemletea mgeni mpaka kitandani bila hodi.

Namna za kuwaunganisha ziko nyingi lakini ukizichuja zinabaki tatu. Kuko ya polepole, wanaishi upande kwa upande majuma kadhaa na wanakutana kidogokidogo. Kuko ya mfululizo, unawaweka pamoja pahali pageni na hauwatenganishi masaa 24 mpaka 72. Na kuko ya ujirani, wanaonana na kunusana maisha yote lakini griyaji, ule wavu wa chuma, inabaki katikati. Nitaziangalia zote kwa mambo yaleyale: muda, nafasi, hatari ya kuumizana, feza, na inamfaa nani. Mie naona watu wanakosea kwa kuchagua njia wakiangalia sungura tu, wakati kitu cha kwanza cha kuangalia ni yule atakayebaki amekaa pale kuwachunga, yaani weye mwenyewe.

Kabla ya njia yoyote: ni dume ao ni jike, na wamehasiwa?

Hii sehemu wengi wanapenda kuiruka na njo inaamua karibu yote. Sungura anabeba mimba siku 31 hivi, anazaa, na masaa machache baadaye dume akimpanda anaweza kushika mimba ingine wakati bado ananyonyesha ile ya kwanza. Kwa hiyo dume na jike wasiohasiwa hawana shida ya kupendana, shida itakuwa yako, miezi mitatu na hujui tena watoto utawaweka wapi. Na usijidanganye ati ni ndugu wa tumbo moja, kwa sungura hiyo haizuii kitu, kuanzia miezi 4 hivi damu inachemka na wanasahau walinyonya pamoja.

Madume wawili wasiohasiwa wakishabalehe wanatafutana makende, na meno ya sungura unayajua, haya yanakata karoti kama siagi. Majike wawili wanaweza kukudanganya kidogo, wanakaa kimya majuma mengi, kisha mmoja anaanza kujenga kiota, anang'oa manyoya ya kifua chake, na siku hiyo hataki kumuona mwenzake hata kwa mbali. Jike kwa kawaida njo mkali zaidi kwa mambo ya nyumba yake.

Wale wanaozoeana bila matata mengi ni dume aliyehasiwa na jike aliyehasiwa. Lakini dume akitoka kuhasiwa leo usimpeleke kwa jike kesho, mbegu zinabakia ndani na anaweza kupa mimba mpaka majuma 4 ao 6, na hasira pia zinachukua muda uleule kupoa. Kama feza inatosha mmoja tu, ukihasi dume umemaliza mambo ya kuzaa, na ni operesheni nyepesi kuliko ya jike. Jike asiyehasiwa atabaki na siku zake za kununa, na akizeeka kansa ya kizazi inampata mara nyingi, hiyo ni kweli na wenye kufuga wengi hawaijui.

Veterineri umpime na swali moja. Muulize kama sungura asile tangu usiku kabla ya operesheni. Akikuambia ndiyo, asiguse kitu, kama mbwa, tafuta mwingine, juu sungura hawezi kutapika na tumbo lake likisimama hilo lenyewe linaweza kumuua, anatakiwa ale mpaka karibu na saa ya operesheni na arudilie kula haraka akiamka. Mwenye kusoma hii akiwa Lubumbashi, fakilte ya veterineri ya UNILU (universite ya Lubumbashi) iko palepale, anzia kuuliza huko.

Njia ya polepole

Muda kwanza: hesabu majuma 3 ikienda vizuri, miezi 2 ao 3 ikienda mbaya, na kuko wale wanaochukua zaidi. Si masaa mengi kwa siku, robo saa, nusu saa, lakini ni kila siku, ukiruka juma nzima juu ya kazi unakuwa karibu umeanza upya.

Nafasi, hapa njo wengi wanachoka. Unahitaji kaje mbili, na pahali pa tatu ambapo hakuna hata mmoja alishakojoa. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili na watu saba ndani, hiyo pahali pa tatu iko wapi? Watu wanatumia bafu, wanatumia koridoo, wanatumia chumba cha jirani, wengine wanatandika shitingi nje na kuzungusha mabati. Nje sikatai, ila kwa kartie zile lava ya 2002 ilipita, chini ni mawe yenye kukwaruza, na mguu wa sungura hauna ngozi ngumu ya chini kama ya mbwa, ni manyoya tu, anaanza vidonda vya kisigino. Tandika kitu kinene, gunia, zulia ya zamani. Saa za jua kali uwaache ndani, joto wanalivumilia vibaya kuliko baridi.

Kaje zinakaa zikiangaliana na griyaji mbili katikati, si moja, uache nafasi ya vidole vitatu, vine, la sivyo mmoja atakatwa pua ao kidole cha mguu. Chakula unakiweka kila mmoja upande wake karibu na griyaji, ili harufu ya yule mwingine iende pamoja na kitu kitamu. Kila siku mbili tatu unawabadilisha, wa huku anaenda kule, na huoshi kitu, unataka wanusane mpaka harufu ya mwenzake iwe ya kawaida. Mwanzoni wa huku akiingia kwa mwenzake anatapanya mavi kila pembe, usikasirike, ni kujibu barua tu.

Kwa jirani mmoja wa Himbi kulikuwa jike mweupe, Muzungu, na dume mweusi, Makala, wote wamehasiwa, na kile nilichopenda kwao ni namna ile siku ya kukutana kweli ilivyokwenda. Shuka ya zamani chini, kartoni mbili zenye milango miwili kila moja (mlango mmoja ni mtego, mmoja anafungiwa ndani na kupigwa), na majani makavu marundo mawili mbalimbali. Makala akaenda moja kwa moja akalaza kichwa chini mbele ya Muzungu, masikio yamelala, hatikisiki. Hiyo ni kuomba, anasema nilambe. Muzungu naye akalaza kichwa. Wakabaki vile, kila mmoja anangoja mwenzake aanze, dakika kumi nzima, kisha Muzungu akachoka akaenda kula. Mwenye nyumba akaona hakuna kitu kimetokea na alikuwa karibu kuhuzunika, kumbe ni siku nzuri sana ile, hakuna aliyefukuza, hakuna aliyekimbia. Baada ya siku kadhaa Muzungu akamlamba paji la uso mara mbili, na kuanzia pale kazi ilikuwa karibu imeisha.

Hatari ya kuumizana kwa njia hii ni ndogo juu unamaliza kila mkutano kabla haujaharibika. Ila iko na ubaya wake: kuko sungura wanaoonana kwa griyaji kila siku bila kufikiana na hasira inapanda badala ya kushuka, wanakimbia kufuata griyaji juu na chini wakikwaruza. Ukiona vile juma la pili, zisogeze kaje mbali kidogo ao ubadilishe njia.

Feza: kaje ya pili, ambayo fundi wa mbao anakupigia, na griyaji mita kadhaa. Inamfaa mtu mwenye saa moja kila siku lakini hana wikendi nzima, mwenye sungura waoga, ao wenye tayari walipigana mara moja.

Njia ya mfululizo

Hapa hakuna majuma. Unachagua siku, unaandaa pahali pageni kabisa, padogo, mita 2 kwa mita 1 na nusu hivi, unawatia wote wawili kwa wakati mmoja, na hutoki. Ni siku moja mpaka tatu, usiku ndani yake. Wazo ni kwamba ukiwatenganisha kila robo saa, kila mara wanaanza tena mazungumzo ya nani mkubwa, wakati ukiwaacha wanayamaliza mara moja. Na kweli kuko kitu pale, mara nyingi masaa ya kwanza ni kukimbizana na kupandana, kisha uchovu unaingia, mmoja analala upande, mwingine anakuja kulala si mbali, asubuhi unawakuta wanakula rundo moja.

Kupandana mwenye kuanza anaogopa bure. Si mapenzi, ni cheo, jike pia anampanda dume. Sekunde kumi kumi uache. Lakini akipanda upande wa kichwa mtoe mara moja, juu wa chini mdomo wake unakuwa karibu na sehemu za siri za wa juu, na jeraha la pale ni la hospitali. Kunyofoa manyoya kidogo, sawa. Kile usichongojea ni hiki: mkia umesimama, masikio yamelala nyuma kwa nguvu, kisha wanafungana na kuzunguka kama gurudumu. Hapo una sekunde mbili. Usiingize mkono, utaumwa mpaka mfupa, ingiza ufagio, beseni ya plastiki, ao tupa taulo nzito juu yao. Damu ikitoka, mfululizo umeisha, na ukague mwili mzima kwa vidole, chini ya manyoya jino linaacha tundu ndogo tu huoni, kisha baada ya siku kadhaa ni jipu.

Nafasi kwa njia hii ni rahisi kupata, pahali pamoja tu. Muda ni mfupi lakini ni mzito, mtu mmoja peke yake hawezi, lazima wawili mpokezane, juu saa tisa ya usiku njo saa wanaamua kupigana, na kurant inakatika palepale, kwa hiyo tochi yenye chaji iko karibu na godoro lako. Jumamosi asubuhi salongo (kazi ya usafi ya watu wote) iko, usianze ijumaa usiku kisha kesho yake mtoke wote. Anza jumamosi mchana mkisharudi.

Hatari ni kubwa kuliko polepole, sitaificha. Si meno tu. Sungura mwenye mfadhaiko anaacha kula, na sungura asiyekula na asiyeachia mavi masaa 12 ni mgonjwa wa haraka, hata kama hana kidonda. Kwa hiyo wakati unachunga vita chunga pia chini, vile vidonge vya mavi viendelee kutoka, vya duara, vikubwa. Vikipungua na kuwa vidogo, simamisha.

Feza karibu hakuna. Inamfaa nani? Watu wawili wenye wikendi bila kazi, nyumba ndogo isiyoweza kubeba kaje mbili, sungura wazima wenye afya, wote wamehasiwa na majuma yao yamepita. Mmoja akiwa mzee, ana kikohozi, ao ametoka tu safari ya basi kutoka Butembo, hapana. Na ikienda vizuri usifungue nyumba yote jumatatu. Kila siku ongeza nafasi kidogo, na ile kaje ya zamani ioshwe na siki kabla warudi ndani pamoja, ibadilishiwe mpangilio, ili yule mwenyeji asikumbuke ile alama yake ya ukuta.

Kabla sijasahau, kuko wanaosema watie wote wawili ndani ya kikapu, upande moto (pikipiki), uzunguke nao mjini, wakiogopa watashikana. Ni kweli wanashikana. Wanashikana juu wamekufa na woga, na Goma na barabara zake zile, kila jiwe ni kipigo. Wakishuka woga unaisha na mambo yao yanarudi palepale. Mie siihesabii kama njia.

Njia ya ujirani

Hii watu wanaiona kama kushindwa na mie sikubaliani nao. Kaje mbili, ao kaje moja kubwa iliyogawanywa, griyaji mbili katikati na ile nafasi ya vidole, na ni hivyo mpaka mwisho. Wanalala mgongo kwa mgongo na griyaji katikati, wanakula saa ileile, mmoja akipiga mguu chini kwa hatari mwingine anasimama naye. Hawalambani, hiyo wanaikosa, na ni kitu kikubwa kwa sungura, usijifanye si kitu.

Muda wa kuanza ni nusu siku ya fundi. Lakini muda wa kila siku hauishi: kusafisha mara mbili, maji mara mbili, na kila mmoja atolewe nje kwa zamu yake akimbie, juu kaje peke yake haitoshi sungura hata ukimjengea nzuri namna gani. Kwa kartie ambazo maji yanabebwa na bido, kusafisha mara mbili si maneno, ni migongo ya watu.

Hatari ya kuumizana ni ndogo kuliko zote, mradi griyaji ziwe mbili kweli. Kwa dume na jike wasiohasiwa griyaji moja haitoshi hata kuzuia mimba, kuko waliofanikiwa kupitia matundu. Feza ni kaje mbili na majani zaidi kidogo. Inamfaa yule ambaye hajapata mtu wa kuhasi, yule mwenye sungura waliokwisha kutoana damu zaidi ya mara moja, na mwenye sungura mzee wa macho yaliyoharibika ambaye hawezi tena kusumbuliwa na kijana.

Vitu haviachani na njia yoyote

Chakula kisiwe cha kugombania. Marundo mawili, maji pahali pawili, majani makavu mengi kila saa, karoti kidogo tu juu ni sukari. Majani ya viazi vitamu sawa, majani ya birai (viazi mviringo) hapana, yana sumu, na sombe (majani ya muhogo) mbichi hapana. Mmoja akiugua na wamekwisha kuzoeana, peleka wote wawili kwa veterineri ndani ya kaje moja ya safari, ukimpeleka mmoja anarudi na harufu ya dawa na mwenzake hamtambui, unaanza upya mwezi mzima.

Sasa weye uko wapi?

Kama una dume na jike na hujahasi hata mmoja, leo hii usichague kati ya polepole na mfululizo, chagua ujirani, kisha tafuta wa kuhasi dume, hesabu majuma 6, na hapo urudi kwa hizo mbili. Kama wamehasiwa wote na mko wawili nyumbani na kuko wikendi, mfululizo unaweza kukumalizia kazi haraka. Kama unaishi peke yako na unatoka asubuhi unarudi magaribi, polepole, nusu saa kila jioni, usitafute kingine. Kama walishapigana mpaka damu, ngoja vidonda vikauke kabisa, anza polepole kwa mbali, na mara ya pili damu ikitoka tena kubali ujirani bila aibu.

Kama ni watoto wawili wa miezi miwili unaona wanalala wamekumbatiana, usikose ile nafasi, panga kuhasi kabla damu haijachemka (dume anaweza mapema kidogo kuliko jike, veterineri atakuambia) na huenda hutahitaji njia yoyote. Kama unataka kuongeza wa tatu kwa wawili waliozoeana, fikiri mara mbili, unaweza kuwavunja hata wale wawili.

Na kama bado hujanunua wa pili, omba muuzaji ama jirani akuruhusu ujaribu kwanza, upeleke wa kwako kwake, kwa pahali pasipo pa mtu, nusu saa tu. Wenye kulaza vichwa ao kupuuzana, chukua. Wenye kurukiana sekunde ya kwanza, mwangalie mwingine.

Kuko pia yule anayeniuliza kila mara kama hawezi kumpa sungura wake kobayi (yule mnyama mdogo wengine wanamuita dende) awe mwenzake, ni wa bei nafuu na hawapigani. Wanapigana kwa namna ingine: teke moja la sungura linavunja mgongo wa kobayi, sungura anabeba vijidudu vya mapafu ambavyo yeye havimsumbui na kobayi vinamuua, na kobayi anahitaji vitamini C ndani ya chakula wakati sungura anajitengenezea yake. Sungura mtafutie sungura, kobayi mtafutie kobayi mwenzake.